Asilimia Mia ya Mzee Lazaro

Ndugu msomaji, kama wiki iliyopita gazeti lako lilifungiwa maandazi kabla hujafika ukurasa huu, usihuzunike. Nitakupa yaliyopita kwa pumzi moja, kisha tuendelee kuaibika pamoja.

Mimi ni Evance, mziba pancha wa stendi ya Mikumi, mtoto wa marehemu Hildegarda, mjukuu wa manamba aliyeletwa Kilosa kukata mkonge. Babu alisema yeye ni Mnyamwezi. Wa kijiji gani, hakusema, na kipande chake cha kazi kilikuwa na jina la mtu mwingine aliyetoroka shambani. Kwa hiyo mimi ni Mnyamwezi wa kuambiwa.

Ila Mnyamwezi na Msagara ni watani tangu enzi za misafara, na utani huo ndio uliokuwa cheo changu hapa duniani. Kwa miaka ishirini nilikuwa mtani wa Mzee Lazaro wa Malolo na ukoo wake mzima. Harusi yao, nipo. Msiba wao, nipo kabla ya jeneza. Siku alipozikwa Mzee mwenyewe niliruka kaburini, nikalala chali, nikasema sitoki mpaka niletewe jogoo mwekundu. Waombolezaji walicheka huku wanalia. Jogoo akaletwa, nikatoka, Mzee akaingia.

Hayo mliyasoma. Mkaniacha wiki iliyopita nimesimama kwenye intaneti kafe ya Mikumi, barua pepe ya Daktari Bibiana imefunguliwa kwenye kompyuta, na Grace, binti wa marehemu, ameanguka kwenye kiti cha plastiki akisema, "Baba yangu, baba yangu."

Nitawaambia barua ilisema nini. Lakini kwanza kuna jambo nililiruka makusudi tangu sehemu ya kwanza. Sikuwaambia habari za mate.

Daktari Bibiana ni mtoto wa Kilosa mjini aliyesoma mpaka akaitwa daktari bila kumtibu hata mbuzi. Kazi yake ni historia za familia. Mwaka ule, 2011, alirudi kutoka chuo cha ng'ambo na boksi la vichupa, akitaka kujua watu wa mkonge na watu wa reli walitoka wapi hasa, na wamechanganyika vipi na wenyeji.

"Karatasi za mkoloni zinadanganya," aliniambia. "Mate hayadanganyi. Ndani ya mate kuna DNA, na DNA haijui kubadilisha jina."

Mimi alinichukua niwe mwenyeji wake, kwa sababu hakuna nyumba kuanzia Mvumi hadi Malolo ambayo sijala chakula cha msiba.

Utaratibu ulikuwa mwepesi. Mtu hali kitu nusu saa, anatema mate kwenye kichupa mpaka yafike mstari, anafunga, anabandika namba na kupewa kadi yenye namba hiyo hiyo. Mimi nilikuwa namba ishirini na saba. Nilitema kwa moyo wangu wote, maana nilikuwa na shida ya kweli na majibu yale. Nilitaka kompyuta ya Wazungu inyooshe kidole kwenye ramani na kuniambia, kwenu ni pale.

Namba ishirini na nane ilikuwa ya Mzee Lazaro. Daktari alimwachia kichupa na kadi, akaenda nyumba za ng'ambo ya mto, akasema atapitia jioni. Alipoondoka tu, Mzee akakiweka kichupa jamvini.

"Mate yangu yapande ndege wakati mimi mwenyewe sijapanda?" akasema. "Hayaendi."

"Mzee, ulimkubalia daktari mbele yangu."

"Nilimkubalia kwa sababu ni mtoto wa watu na ana adabu. Wewe mtani, kama unayaonea huruma maendeleo, tema wewe. Wanyamwezi mna mate mengi, mliyaweka akiba huko kwenu kusiko na maji."

Jamani, mtani akikutupia neno huliachi likaanguka chini. Nilichukua kichupa nikaanza kutema mbele yake. Kwa jinsi mdomo ulivyokuwa umekaushwa na kichupa cha kwanza, ilinichukua karibu robo saa, na muda wote Mzee alikuwa amejishika mbavu akinihimiza kama mtu anayeswaga punda. Mate yakafika mstari. Nikafunga, nikabandika ishirini na nane.

Nilikusudia kumwambia daktari jioni ile ile, uwe mchapo wa kufungia siku. Daktari akaja, akahesabu vichupa vyake, akanishika mkono mbele ya watu akasema hajawahi kupata mwenyeji mwaminifu namna hii. Sifa zikanifunga mdomo. Kesho yake vichupa vikaondoka. Miezi miwili baadaye Mzee naye akaondoka, kwa presha, na siri ya watu wawili ikawa ya mtu mmoja.

Sasa turudi kafe.

Innocent, mwenye kafe, ana tabia ya kusoma barua za wateja kwa sauti, akiamini hiyo nayo ni huduma. Alisoma hivi: "Evance, sampuli ishirini na saba na ishirini na nane zimelingana kwa asilimia mia moja. Haijawahi kutokea katika utafiti wangu wote. Usimwambie mtu yeyote kabla sijaja."

Kafe nzima ikawa imeshaambiwa.

Grace alikuwa kwenye kompyuta ya pili akitafuta matokeo ya kidato cha nne ya mwanawe. Aliposikia ishirini na nane alifungua mkoba, akatoa kadi ya marehemu baba yake, akaitazama, akanitazama mimi. Hapo ndipo alipoanguka kwenye kile kiti cha plastiki.

Lazima mwelewe asilimia mia ni nini kwetu. Sisi tulizoea kupata thelathini na mbili na kuambiwa tumejitahidi. Mtu aliyepata mia hajafaulu tu, amemaliza.

"Mimi ni mwanawe wa kumzaa," Grace alisema alipopata pumzi. "Baiolojia ilitufundisha kwamba napata nusu kwa baba na nusu kwa mama. Mimi ni hamsini. Evance ni mia. Evance hana hata nafasi iliyobaki ya mama yake."

"Grace, nisikilize," nikasema. "Mate yote yale ni yangu. Nilitema vichupa vyote viwili."

Alinikodolea macho yaliyojaa machozi. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, akacheka mpaka akashikilia meza.

"Hata leo, Evance? Hata saa hii huachi utani?"

Kafe ikalipuka kwa kicheko. Innocent akaniletea soda ya bure, akasema nimemfurahisha.

Nikanywa soda ile nikiwaza. Mtani haaminiwi, na hiyo ndiyo kazi yake. Kwa watu wale nimewahi kusema maiti ni mwanangu wa kambo. Nimewahi kudai mlango wa nyumba, nikaung'oa bawaba moja. Neno la mtani halina mahakama, linachekwa likaisha. Miaka ishirini nilikula kwa uongo ambao kila mtu alijua ni uongo, na sasa nilikuwa na ukweli mmoja tu, nao haukuwa na pa kupita.

Nikamweleza mke wangu, Yusrah. Nikadhani mtu aliyelala na mimi miaka kumi na mitatu atanijua.

"Mwenzangu," akasema, "kama wewe ni Mzee Lazaro, mimi ni mke wa marehemu. Nikakae eda?"

"Yusrah, sitanii."

"Hujawahi kukiri kwamba unatania," akasema, akaendelea kukuna nazi.

Siku ya tatu nikaitwa Malolo.

Kwa ukoo ule, mtu mzima akifa jina lake halizikwi naye. Siku ya kuondoa tanga ukoo humchagua mtu na kumpa jina, na kuanzia hapo yeye ndiye marehemu. Watoto wa marehemu humwita baba, wapwa humwita mjomba, hata kama jana alikuwa akiwaamkia. Mwenye haki ya kwanza ni mtoto wa dada, kwa kuwa kwao ukoo hupita kwa mama. Na mtoto wa dada alikuwepo. Ni Makarius, mtu wa miaka hamsini na mitano, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Kilosa mjini.

Tatizo lilikuwa moja. Jina la Lazaro hukaa Malolo, kwenye boma lile lile, mwenye jina akalale hapo na kulima hapo. Makarius alilitaka jina, ila alitaka limfuate mjini. Ukoo uliketi mara tatu, ukaachana kwa kununiana. Ndipo ikaja asilimia mia, na watu wakasema kumbe Lazaro alishajichagulia mwenyewe.

Msemaji wa mwisho alikuwa Bibi Anastazia, dada wa marehemu na mama yake Makarius. Ana miaka themanini na kitu na macho ya kuona mbegu ya mchicha gizani. Nilimkuta anapepeta mchele.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye mia?"

Nikapiga magoti. "Bibi, mate yale nilitema mimi. Mzee alikataa. Nikatema mara mbili."

"Na mimi ndiye niliyempaka twiga madoa," akasema, bila kuacha kupepeta. "Grace, mpelekee maji ya kuoga, ametoka mbali."

"Bibi, naapa."

"Uliapa pia kwamba kaka yangu alikuazima meno ya mbele, ukataka tumfungue jeneza uyachukue."

Niliapa hivyo kweli, na kwa Mungu yule yule.

"Lakini mimi ni mtani wenu," nikajaribu njia nyingine. "Mtani harithi."

Bibi akaweka ungo chini. "Mimi nilipinga, wakanisomea karatasi. Kama damu ni mia, utani haukuwahi kuwepo. Basi matusi yote uliyotutukana miaka ishirini, ulikuwa unajitukana mwenyewe. Nimeyawaza jana wakati wa kula, nikacheka mpaka nikapaliwa na uji."

Akacheka tena pale pale, na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka naye.

Makarius alinikuta nyuma ya nyumba, kwenye matuta ya vitunguu. Nilifurahi kumwona. Huyu alikuwa na kila sababu ya kuniamini.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Sema, nina wateja."

Nikamweleza yote, kuanzia jamvi hadi mstari wa kichupa. Nikaona kabisa kwamba maneno yameingia.

"Nakuamini," akasema.

Nilitaka kumbusu. "Basi twende ukawaambie."

"Nikawaambie nini? Kwamba nimeletewa habari na mtani? Tena mimi, ninayelitaka jina? Watanicheka kuanzia hapa mpaka Dumila, na bati hawatanunua tena kwangu." Akapangusa udongo kwenye kiatu. "Mtafute daktari wako. Yeye akisema, nitasimama."

Nilimpigia daktari mara kumi na nne. Mara zote alijibu yule dada wa mtandao, kwamba nimpigiaye hapatikani kwa sasa. Nikamwandikia barua pepe kwa mkono wa Innocent, naye akaisoma kwa sauti, kafe ikacheka upya. Jibu halikuja.

Sasa, msomaji wangu, hapa ndipo ninapoungama hasa. Yale mate yalikuwa ujinga tu. Dhambi ilianza siku nilipoacha kujaribu.

Kwa sababu watu wale walinipokea. Nikipita Malolo akina mama walikuwa wananiita ndani. Mzee mmoja ambaye sikumjua hata kwa sura alinionyesha mti uliokuwa mpaka wa shamba la baba wa baba yake Lazaro, akaniambia niuguse, nipajue. Mtoto wa Grace aliletwa kwangu ili nimpe ruhusa ya kwenda kusoma Morogoro. Mimi, ambaye wanangu mwenyewe huniomba ruhusa wakiwa wameshafika.

Mama yangu Hildegarda alizikwa Kilosa na watu kumi na mmoja, wawili kati yao wakiwa wachimba kaburi. Hakuwepo mjomba, wala shangazi, wala wa kunyoa nywele kwa ajili yake. Padri aliuliza nani atasema neno kwa niaba ya ukoo, na nilitazama nyuma kama mwanafunzi aliyeulizwa swali asilolijua, nikakuta hakuna mtu. Niliumia siku ile kuliko siku aliyokata roho. Tangu hapo nikawa nafanya utani kwenye misiba ya wenye watu, nikicheka kuliko wote, nikiona wivu kuliko wote.

Kwa hiyo Jumamosi ya kuondoa tanga ilipofika, basi la Iringa lilikuwa limesimama stendi mlango wazi, ningeweza kutoroka nalo, na sikulipanda. Nilikuwa nimenyoa. Nilikuwa nimevaa shati jipya la mtumba. Yusrah alinitazama akasema nimependeza sana kwa mtu aliyekufa.

Asubuhi ile boma lilijaa hadi kwenye banda la mbuzi. Nikakalishwa kwenye kigoda, nikafunikwa shuka jeupe mabegani. Bibi Anastazia akasimama mbele yangu ameshika ungo wenye unga, akawakumbusha watu utaratibu.

"Jina litaitwa mara tatu, na likishaanza kuitwa halisimamishwi. Baada ya mara ya tatu, mdomo wa kwanza kufunguka ndio umelipokea jina, na huyo atakaa hapa Malolo mpaka afe. Nikiuweka ungo huu chini kabla mdomo haujafunguka, jina tumelizika. Haliitwi tena na mtu. Kwa hiyo mwenye kikohozi akohoe sasa."

Watu wakakohoa kwa bidii.

"Lazaro," Bibi akaita mara ya kwanza. Sauti yake ilikuwa ya dada anayemwita kaka yake aje kula.

"Lazaro."

Hapo hapo gari likaingia uani kwa kasi, kuku wakatawanyika, na Daktari Bibiana akashuka akikimbia, viatu mkononi, karatasi kwapani.

"Samahani wazee, shikamooni. Nimeambiwa stendi mnalofanya. Kabla hamjaendelea, nisikilizeni. Asilimia mia si undugu. Baba na mwana hawafiki mia, ndugu wa tumbo moja hawafiki mia. Mia ni mapacha wa kufanana, au ni mtu mmoja ametema vichupa viwili. Evance na Mzee Lazaro si mapacha. Naomba nijue, nani alitema mara mbili?"

Nilihisi watu mia mbili wakinigeukia. Nikavuta pumzi nijibu.

"Lazaro," Bibi Anastazia akaita mara ya tatu.

Midomo yote ikafumbwa.

Daktari, ambaye hakuwepo wakati wa maelezo, akatanua kinywa kurudia swali lake. Grace alimrukia akamziba kwa kiganja na upande wa kanga, wakaanguka wote wawili juu ya mikeka. Mtu mmoja aliyepaliwa na kicheko alikimbilia shambani amejiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Nyuma ya banda mbuzi akalia, na nina hakika kuna waliomtazama kwa wasiwasi.

Nikamtazama Makarius. Alikuwa amesimama safu ya mbele, midomo imekaza, jasho linamtoka. Neno moja tu na jina lingekuwa lake, pamoja na matuta ya vitunguu na usiku wote wa Malolo mpaka kufa kwake. Akalitazama gari, akayatazama matuta, akanyamaza.

Ungo ukaanza kushuka. Bibi alikuwa anaushusha taratibu kuliko uzito wake ulivyotaka, na hakumwangalia mwanawe. Aliniangalia mimi. Chozi lilimtoka jicho moja, likaingia kwenye unga.

Nikaelewa mambo mawili kwa pamoja. Nikinyamaza, nimepona. Daktari atapata jibu lake baadaye pembeni, nami nitarudi kuziba pancha. Lakini jina la mtu aliyenichekesha miaka ishirini litazikwa leo, na litakuwa limezikwa na mate yangu. Nikisema, nitakuwa Lazaro. Na jambo pekee nililokuwa nalo la kusema mbele ya daktari yule lilikuwa ukweli.

Ungo ulibakiza shibiri moja.

"Ni mimi, daktari," nikasema. "Nilitema mara mbili. Mzee alikataa, nikatema mimi."

Boma likapasuka kwa vigelegele.

"Ameitika," Bibi Anastazia akasema, na unga ukanimwagikia kichwani, puani, ndani ya shati jipya, kisha akaniwekea mkono kichwani. Wanawake walicheza. Wanaume waligongana mabega. "Hata jina amelipokea kwa utani," mtu alipiga kelele, na kicheko kikaenda mpaka barabarani. Grace akatambaa kutoka mikekani, akanishika miguu, akaniita baba. Nina miaka thelathini na minane, Grace ana arobaini na sita, na nilimwitikia.

"Lakini amekiri," daktari alikuwa anasema, kanga ya watu ikimning'inia shingoni. "Wazee, hamjamsikia? Amekiri."

"Binti yangu," Bibi akamjibu kwa upole, "aliyesema ni mtani. Maneno ya mtani yamekwisha na yeye mwenyewe amekwisha. Huyu ni kaka yangu. Keti ule."

Nilifurahi, sifichi. Nilifurahi mpaka masikio yakaziba. Nilikuwa nimesema ukweli na bado nimebaki na watu. Ni nani mwingine duniani amepata vyote viwili kwa siku moja?

Ndipo Makarius akatoka kwenye safu yake.

Alivua kofia. Akapiga goti moja mbele yangu, mtu mzima mwenye mvi, mbele ya wateja wake wote.

"Shikamoo mjomba," akasema.

Vigelegele vikapanda upya. Sijawahi kuamkiwa na mtu aliyenizidi umri. "Marahaba," nikajibu.

Makarius hakuinuka. Alingoja kelele zipungue, na alipoona zimepungua vya kutosha, akazungumza kwa sauti ya mtu anayepima misumari.

"Mjomba, nina swali moja, na naomba ukoo unishuhudie. Mama amesema mtani amekwisha. Nimekubali. Anayeketi hapa ni Lazaro wa Malolo, na Lazaro hajawahi kusema uongo mbele ya dada yake hata siku moja, hilo kila mtu hapa analijua. Sasa mimi simuulizi mtani. Nakuuliza wewe. Mate ya kichupa cha pili yalikuwa ya nani?"

Kicheko kilikufa kuanzia safu ya mbele kwenda nyuma, mpaka nikamsikia yule wa shambani akimalizia peke yake, naye akanyamaza.

Miaka ishirini, kila nilipofungua mdomo mbele ya watu hawa, walikuwa wameshaanza kucheka. Sasa walikuwa wananingoja. Walitaka kuamini nitakachosema, chochote kile. Ukweli ungeniondolea watu, na uongo ungekuwa wa kwanza wa Lazaro mbele ya dada yake.

Bibi Anastazia akaondoa mkono wake kichwani mwangu. Akarudi nyuma hatua moja, akaniangalia usoni kupitia unga.

"Mjibu, kaka yangu," akasema.